Maswali ya Wasomaji: Kununua Kampuni Iliyofilisika

SWALI: Kampuni ya uchapaji iliyoelemewa na madeni sasa iko mikononi mwa mfilisi. Nataka kuinunua ingali inafanya kazi. Ninunue hisa au mali zake? Nianzie wapi?

JIBU: Nunua mali. Anayenunua hisa hubeba kampuni na madeni yake yote, yakiwemo ya kodi na ya kesi ambazo hazijafunguliwa bado. Kwa kununua mali unachagua: mashine, karatasi zilizoko ghalani, jina la biashara, namba za simu, anwani ya tovuti, orodha ya wateja. Madeni yanabaki kwenye kampuni ya zamani, na fedha utakazolipa ndizo mfilisi atakazowagawia wadai. Muulize wakili wako kuhusu wafanyakazi, kwani zipo sheria zinazomhamishia mnunuzi mikataba yao pamoja na haki zao za nyuma.

Usichelewe. Kila wiki inayopita wateja wanahama na mafundi wazuri wanapata kazi kwingine. Kwa kawaida mfilisi atakutaka utie saini mkataba wa kutunza siri na uoneshe kwamba fedha unazo, ndipo akufungulie vitabu vya hesabu.

Kisha nenda kiwandani ukiwa na orodha ya mali mkononi. Soma namba iliyogongwa kwenye kibati cha kila mashine, uilinganishe na mikataba ya mikopo na ya ukodishaji. Mashine ya thamani kuliko zote huenda ni ya kukodi, na hiyo mfilisi hawezi kukuuzia. Karatasi nazo huenda zililetwa kwa mali kauli, na mkataba wa msambazaji ukasema ni zake hadi alipwe. Kilichowekwa dhamana benki kisilipiwe kabla benki haijaandika kwamba inakiachia. Washa kila mashine uione ikichapa, maana mfilisi huuza kitu kama kilivyo. Kikiharibika kesho yake, huna wa kumdai. Leseni na pango pia havihami vyenyewe: mwone mwenye jengo kabla ya kutaja bei.

Wanunuzi wengi hukwama baada ya kununua. Wanamaliza fedha zote kwenye bei, halafu wasambazaji waliokwisha kuumia wanataka taslimu kabla ya kushusha mzigo. Piga hesabu ya mishahara, pango, umeme na karatasi kwa miezi 3, itenge kwanza, na kinachobaki ndicho cha kununulia.

SWALI: Biashara yangu inaelekea kufilisika. Shemeji yangu yuko tayari kuchukua mashine kwa bei nafuu kabla wadai hawajaja. Inaruhusiwa?

JIBU: Kumuuzia si kosa, hatari ni hiyo bei nafuu. Mfilisi hupitia mauzo ya nyuma, na mahakama inaweza kuyabatilisha. Shemeji atarudisha mashine, nawe unaweza kudaiwa binafsi. Mwite mthamini asiyehusiana nanyi, tangaza mashine hadharani, hifadhi barua za wote waliotoa bei, na fedha ziingie kwenye akaunti ya kampuni. Zikishaingia, usimlipe mdai mmoja kwa sababu ni rafiki ukawaacha wengine. Malipo hayo nayo yanaweza kudaiwa yarudi. Na kama mashine ziko chini ya dhamana ya benki, usiguse lolote bila idhini yake ya maandishi.