Manila tunanunua, kalamu nyekundu ndo inatuua

Mmeuliza wiki hii kwa nini magazeti ya wanafunzi shule za msingi yanaanza kwa mbwembwe halafu yanakufa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya serikali mkoani Morogoro, klabu ya gazeti iko chini yangu, na najua wengi watajibu hela. Kweli hela hakuna, ruzuku ya serikali kwa shule ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka na humo 4,000 ni ya vitabu, na tangu elimu bila malipo ianze 2016 ukimwambia mzazi atoe mia mbili ya fotokopi unajitafutia barua ya kujieleza. Ila hilo lina dawa, sisi tunabandika ukutani, manila na gundi, basi.

Kingine watoto wanaandika insha. Unamtuma wa la tano akaripoti mechi yetu na shule ya jirani anakuletea "Ilikuwa siku ya Jumamosi, jua liliwaka na ndege waliimba kwa furaha", ukurasa unaisha hujui nani kafunga! Simlaumu, ndo tunavyomfundisha apate maksi. Siku hizi nawaambia matokeo yakae sentensi ya kwanza, wanashika fasta tu.

Na darasa la saba, ndo wanaoijua kazi, wakianza moko, mitihani ya majaribio, huwaoni tena mpaka mtihani wa Septemba, wakitoka hapo wameondoka. Linavumilika.

Lisilovumilika ni sisi wakubwa. Binti mmoja wa la sita aliandika kwamba choo cha wasichana hakina mlango, foleni inakuwa ndefu maana lazima mwenzako asimame akuzibie na sweta, ndo maana wengi wanachelewa kipindi baada ya mapumziko na kuchapwa juu yake. Habari fupi, imenyooka, hata mimi sikuwa nalijua hilo la sweta. Ikapita ofisini ikarudi imekatwa kalamu nyekundu, pembeni "andika kuhusu usafi wa mazingira". Akaandika, klabu hakuja tena, na wenzake hawakuhitaji kuambiwa. Toka siku hiyo gazeti ni shukrani kwa mgeni rasmi na vitendawili, sasa nani asimame juani kusoma hayo?

Nimeiomba kamati ya shule kalamu nyekundu iishie kwenye tahajia. Mwenyekiti kasema watajadili kikao kijacho, pamoja na mlango.