Muulize Fundi: Mdogo wangu anataka gari ya gesi Thailand, nimtumie hela?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Chikongola hapa Mtwara. Mdogo wangu yuko Chanthaburi kule Thailand kwenye biashara ya mawe ya vito, sasa kapata Toyota Altis ya mtumba ishafungwa gesi ya LPG, anataka nikiuza korosho nimuongezee hela ainunue. Anasema gharama ya mafuta itashuka nusu. Mi naogopa, mtungi uko kwenye buti na anabeba watoto. Alafu najiuliza, gesi si tunayo hapa Mnazi Bay, mbona sisi hatuiweki kwenye magari kama wao? Nimtumie au nimwambie aachane nayo?
Dada wa Chikongola

JIBU: Marahaba dada. Hela usitume kwanza, subiri. Gari ya gesi sio mbaya, taksi nyingi za Bangkok zinatembelea gesi miaka na miaka, ila ukinunua ya mtumba unanunua gari pamoja na kazi ya fundi ambae humjui, na hapo ndo pa kuangalia kwa makini.

Aanze na karatasi. Kule gari ikifungwa gesi lazima iandikwe kwenye kitabu cha usajili, kile ambacho kwetu ni kadi ya gari, pale kwenye aina ya mafuta isomeke na LPG, yaani gesi ya aina ile tunayopikia, na kuwe na cheti cha mtu aliyekagua ule mfumo. Kama kitabu kinasema petroli tu wakati kwenye buti kuna tangi, aage aondoke hata kama bei ni tamu, maana siku ya kulipia kodi ya mwaka atakwama, na kubwa zaidi hatojua nani alifunga na alifunga lini.

Karatasi zikiwa safi afungue buti atoe kapeti. Tangi mara nyingi ni la duara, limekaa pale pa tairi la spea. Lina kibati cha chuma, asome namba, ujazo na mwaka lilipotengenezwa, alinganishe na zile karatasi. Apige tochi chini na kwenye nati zilizolishika, Chanthaburi mvua inanyesha sana kwaiyo kutu sio jambo la kushangaza, ila kutu ya kubanduka magamba hapana. Alafu waende wote kituo cha gesi wakajaze. Tangi lisilo na hitilafu linajazwa asilimia 80 tu, kuna valvu inayokata yenyewe, kwasababu LPG ikipata joto inatanuka na inahitaji nafasi. Tangi la lita 60 linatakiwa lisizidi kama lita 48. Likiendelea kupokea mpaka lita 55 ile valvu imekufa, na jua la kule ni kama la Mtwara tu.

Kuhusu watoto, hofu yako ina maana kabisa. LPG ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipai juu, inatulia chini, ndo maana kwenye valvu za tangi panatakiwa pawe na kiboksi kilichofungwa vizuri na mpira wa kutolea hewa chini nje ya gari. Ule mpira watu wanautoa wakiona unawasumbua, auangalie kwa macho yake. Kwenye maungio yote apake povu la sabuni, kiberiti asiguse. Na harufu ndani ya gari hata kidogo tu hakuna cha “itaisha yenyewe”.

Niseme na hili kwa wasomaji wote: mtungi wa jikoni usiingie kwenye gari. Ule unatoa gesi ya juu, tangi la gari linatoa ile ya maji ya chini ndo inaenda kugeuzwa gesi mbele kwa joto la maji ya rejeta, na valvu zake ni zingine kabisa. Anayekwambia ni kitu kile kile anacheza na maisha yako.

Upande wa injini aende asubuhi bila taarifa, ashike boneti, ikiwa ya moto basi muuzaji kashaipasha. Gari nzuri inawaka kwa petroli, maji yakishapata joto inahamia gesi yenyewe bila kushtuka na bila mngurumo wa injini kupanda na kushuka gari ikiwa imesimama. Akimaliza airudishe petroli aendeshe tena, wengi wakishafunga gesi petroli wanaisahau, tangi linakaa kavu na pampu inaungua. Apime na kampresheni, yaani presha ya ndani ya injini, gesi inaunguza kavu, baadhi ya injini siti za valvu zinalika taratibu na nguvu inapotea. Na avute raba za milango aone rangi ya chini, akikuta pinki au njano ajue hiyo ilikuwa taksi, zikimaliza muda wake zipo zinazopakwa upya zikauzwa, kilomita za kwenye dashibodi asiziamini.

Hiyo nusu anayosema haifiki. Lita moja ya LPG ina nguvu ndogo kuliko lita ya petroli, gari iliyokuwa inakula lita 10 kwa kilomita 100 itakula kama 12 za gesi. Hata bei ya gesi ikiwa nusu ya petroli ataokoa kama asilimia 40. Bado ni hela nzuri kwa mtu anayetembea kila siku, kwa wa sokoni na msikitini tu haina haraka.

Na gesi yetu ni nyingine dada. Ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982 na tangu 2015 inakwenda Dar kwa bomba, ni methani. Hiyo haigeuki maji kwa presha ndogo kama LPG, kwenye gari, kama yale yanayofungwa Dar, inashindiliwa mpaka presha ya bar 200, inaitwa CNG, inataka mtungi mzito wa kwake na kituo chenye mashine ya kushindilia. LPG ni propani na butani, ile ya mitungi ya kilo 6 na 15 tunayopikia, na inakuja kwa meli.

Kwaiyo akutumie picha ya kitabu, ya kibati na risiti ya kujaza. Vitatu vikikubaliana, mtumie.

SWALI: Fundi habari, nataka kununua IST iliyofungwa CNG Dar, ila hapa Lindi sijaona pa kujazia. Inanifaa?
Msomaji, Lindi

JIBU: Nzuri. Itatembea na petroli kama kawaida, ila utabeba mtungi mzito bure na buti imeliwa. Kama Dar unaenda mara chache mwambie muuzaji akupe bei ya gari ya petroli, au autoe mtungi abaki nao. Ukiamua kuubakiza angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, imeandikwa kwenye mtungi wenyewe, ikiwa imepita usikubali kujaziwa popote.