Timu iliyoshuka daraja kurudi msimu mmoja: tuliyoyaona mashabiki wa Newcastle 2009/10

Mkuu, umeuliza kama timu iliyoshuka, mastaa wanaondoka na kocha wa kudumu hajapatikana, inaweza kupanda msimu unaofuata. Inaweza. Mimi ni Newcastle tangu enzi za Alan Shearer uwanjani, na hayo unayoyalia wewe sisi tulishayalia.

Tulishuka Mei 24, 2009 pale Villa Park, kwa Aston Villa. Tulifungwa 1-0, na bao lenyewe Damien Duff alijifunga. Tukamaliza na pointi 34, Hull wakabaki na 35. Sare tu ingetuokoa! Mmiliki, Mike Ashley, akaitangaza klabu kuwa inauzwa, mnunuzi asipatikane. Michael Owen akaenda Manchester United bure, Martins akaenda Wolfsburg, Bassong Tottenham, Beye Aston Villa. Halafu Julai, mechi ya kirafiki, Leyton Orient wa daraja la tatu wakatupiga 6-1. Mashabiki wa Arsenal mtaani kwetu hiyo 6-1 waliila wiki nzima.

Ila ukiniuliza tulipandia wapi, nitakwambia tulipandia hapohapo. Baada ya kile kipigo wachezaji wakubwa walikaa kikao wenyewe: anayetaka kuondoka aondoke, anayebaki akubali kwamba sasa anacheza Championship, daraja la pili la England. Wakabaki Steve Harper golini, Coloccini, Jonas Gutierrez, Kevin Nolan, Joey Barton, Alan Smith. Hao kwa daraja lile ni kikosi kizito mno. Kwa hiyo usihesabu walioondoka, hesabu waliobaki na uangalie nyuso zao. Staa anayecheza huku anasubiri simu ya wakala wake ni mzigo, heri auzwe mapema.

Kocha? Chris Hughton alianza msimu kama wa muda, akathibitishwa Oktoba. Mtu mpole, hana makeke kwa waandishi. Klabu ile ilikuwa na kelele za kutosha juu (Novemba hata jina la uwanja wakalibandika tangazo la duka la mmiliki), kwa hiyo mtu mtulivu benchi ndiye hasa aliyehitajika. Na mabao hayakutoka kwa usajili wa bei mbaya: Nolan, kiungo, alifunga 17 kwenye ligi, na Andy Carroll, kijana wa palepale aliyekulia akademi, naye 17.

Mateso yangu yalikuwa kwenye kuangalia. Banda letu la mpira lilionyesha Ligi Kuu tu, nani alipe kiingilio aone Scunthorpe? Nikawa nafuata matokeo kwenye simu, ukurasa unafunguka kwa kujivuta, bundle inaisha dakika ya 80. Jiandae, mkuu, hilo litakukuta.

Tulimaliza na pointi 102, West Brom wa pili 91. Tulifungwa mechi 4 tu kati ya 46, na nyumbani kwetu St James' Park kwenye ligi hakutoka mtu na pointi tatu msimu mzima. Watu zaidi ya 43,000 kwa wastani walikuwa wanaingia uwanjani, daraja la pili hilo! Aprili 5, 2010 kabla hatujaanza kucheza na Sheffield United tulikuwa tumeshapanda, maana Nottingham Forest walikuwa wametoka sare. Ubingwa tukauchukulia Plymouth wiki mbili baadaye.

Usidanganyike pia kwamba ni kazi rahisi kwa kila mtu. Kule England timu iliyoshuka hupewa fedha za kuipunguzia makali ya kushuka, na mishahara yetu bado ilikuwa ya Ligi Kuu. Kama klabu yako haina fedha za namna hiyo, dirisha la usajili ndilo la kuliombea dua: likifungwa na kipa, beki wa kati mmoja na nahodha bado wapo, mna timu. Wakiondoka wote watatu, msimu huu lengeni kutoshuka tena.

Hughton mwenyewe alifukuzwa Desemba 2010, tukiwa katikati ya msimamo wa Ligi Kuu. Hilo mpaka leo sijalimeza.