Ng'ombe ndani ya sindano

SWALI: Daktari wa mifugo alikuja kuchanja ng'ombe wangu wasipate ugonjwa wa miguu na midomo. Mjukuu wangu wa sekondari akaokota kichupa, akasoma "vaccine", akacheka: "Babu, hili neno ni ng'ombe!" Nikamkemea kwa mzaha wake. Nani mkweli?
Mfugaji, Kiruhura

JIBU: Mzee wangu, mtake radhi mjukuu, ila usimpe ushindi wote. Neno hilo halimaanishi ng'ombe. Limezaliwa na ng'ombe. Kwa Kilatini ng'ombe jike ni "vacca". Wakongomani waliosoma Kifaransa wakikuambia "vache", ni ukoo huohuo.

Tena ng'ombe mwenyewe ana jina: Blossom, wa Gloucestershire, Uingereza. Alimwambukiza mkamuaji wake, Sarah Nelmes, ndui ya ng'ombe, mkono ukamtoka malengelenge. Watu wa mazizini kule walishasema zamani kwamba aliyeugua ndui hiyo nyepesi hapati ile ya watu, iliyokuwa ikiua na kupofusha. Tarehe 14 Mei 1796 daktari Edward Jenner akachukua majimaji ya malengelenge ya Sarah, akampiga James Phipps, mtoto wa miaka 8, chale mbili mkononi, akayapaka humo. Julai akamtia ndui yenyewe, makusudi! (Leo angelala rumande, na mimi ningeshangilia.) Mtoto hakuugua.

Mwaka 1798 Jenner alichapisha habari hizo, ndui ya ng'ombe akiiita kwa Kilatini "variolae vaccinae". Hapo ndipo neno lilipochipuka, likahusu ndui tu mpaka 1881, mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alipopendekeza litumike kwa kinga za maradhi mengine pia, kwa heshima ya Jenner.

Umeziona zile chale? Ndiyo maana neno letu halinipi wivu na la Waingereza. Kuchanja ni kukata ngozi kidogo ukapaka dawa, na James alichanjwa hasa, kama bibi yangu alivyotuchanja vifundoni kwa wembe na unga mweusi ambao hakuutaja jina. Sindano imekuja, wembe umeondoka, neno limebaki.

Mjukuu akizidi kukutambia, mwulize "karantini" ilitoka wapi, hiyo inayofunga minada yenu kila ugonjwa wa miguu na midomo unapozuka. Mdokezee kwamba Waitaliano wakihesabu husema "quaranta" wakifika 40, na kwamba meli zilihusika. Akishindwa, niandikie tena.