Jibu: Joseph Conrad alizaliwa pwani?

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kama Joseph Conrad alizaliwa pwani, ndiyo maana akawa baharia kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya za Kiingereza. La, hata kidogo. Alizaliwa mwaka 1857 Berdychiv, mji wa bara ambao leo uko Ukraine, na wazazi wake walikuwa Wapolandi. Baba, mshairi na mfasiri, aliupinga utawala wa Urusi, na mwaka 1862 wote watatu wakapelekwa uhamishoni Vologda, kaskazini mwa Urusi, kwenye baridi kali.

Hapo ndipo paniumapo. Mama alikufa 1865, baba akamfuata 1869, wote kwa kifua kikuu. Mtoto wa miaka 11 akatangulia mbele ya msafara wa maziko ya baba yake, katika barabara za Kraków, mji ambao leo uko Poland. Akabaki na mjomba na vitabu.

Mwaka 1874, hajatimiza miaka 17, akaenda Marseille kupanda meli za Wafaransa. Meli za Waingereza alianza 1878, Kiingereza chenyewe anakijua kidogo sana. Cheti cha unahodha akakipata 1886.

Ami yangu naye alitoka Nungwi na jahazi akiwa na umri kama huo, lakini yeye kusi na kaskazi alizijua tangu anatambaa mchangani. Conrad bahari aliijua kwanza vitabuni.