Omba kutathminiwa kabla hujamgusa mgonjwa

Rotesheni, yaani kipindi cha residenti (daktari anayesomea ubingwa) kwenye idara moja, ikikaribia kuisha simu yangu haipumziki. "Dokta samahani, unamkumbuka yule mgonjwa wa nimonia wa mwezi ule, naomba unijazie fomu ya tathmini." Simkumbuki bwana, na hata ningemkumbuka sikukuona ukimpima, nilikusikia tu ukinielezea kwenye raundi, sasa nijaze nini?

Ndio maana residenti wote ninaowasimamia nawaambia jambo moja: fomu inaombwa kabla ya kazi kuanza. Mwaka 1990 George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, alichora ile piramidi yake ya kupima uwezo wa daktari, chini kabisa mtu anajua, halafu anajua namna ya kufanya, halafu anaonyesha, na kileleni anafanya. Mitihani mingi tunayoijua inaishia kwenye kuonyesha. Hizi tathmini za kazini zinatafuta kile cha juu, yaani unachofanya kweli saa tisa usiku wadi imejaa na simu ya mapokezi haikomi kuita, kwa hiyo kama hakuna aliyekuona basi hapo hakuna tathmini, kuna sahihi tu.

Nilipokuwa residenti nilikuwa namwendea bosi asubuhi kabla ya raundi, namwambia naenda kumwona mgonjwa mpya wa kitanda fulani, naomba usimame hapo robo saa uangalie ninavyomweleza majibu yake, hayo mengine niachie. Hilo la kutaja kitu kimoja ndilo linalofanya kazi. Ukimwambia "niangalie tu" atakuambia "uko vizuri" ataondoka zake, na hiyo "uko vizuri" haikusaidii chochote. Akijaribu kukimbia mbane kidogo kwa heshima, muulize ningerudia leo hii hii ungetaka nibadilishe nini? Dakika tano zinatosha na mara nyingi hapo ndipo ukweli unatoka, maana mabosi wengi wanaogopa kuandika alama ya chini ila kwa mdomo wanasema.

Fomu zenyewe usizichanganye. Mini-CEX ni ya kuangaliwa ukiwa na mgonjwa, DOPS ni ya kazi za mikono kama kutoa maji ya uti wa mgongo au kuweka mpira kifuani, CbD mnakaa na faili mnajadili kwa nini uliamua ulivyoamua. Kwenye CbD watu hupeleka kesi walizong'aa, mi naona ni kupoteza nafasi, peleka ile uliyositasita, ndio ina maneno.

Halafu sambaza. Mtu anaweza kuwa moto kwenye pumu akababaika kwenye kiharusi, kwa hiyo mgonjwa mmoja na bosi mmoja hawasemi kitu kuhusu wewe, unahitaji wagonjwa tofauti na macho tofauti, na yule bingwa mkali mnayemkwepa kwenye korido mweke kwenye orodha mapema. Ile fomu ambayo timu nzima inaulizwa kuhusu wewe nayo usiwape washkaji wako tu. Manesi wa zamu ya usiku wanakuona bosi akiwa kalala, wanajua kama unakuja ukiitwa.

Alama za chini mwanzoni mwa mwaka zisikutishe. Mimi nikiona faili lina "bora sana" kuanzia wiki ya kwanza mpaka ya mwisho ndio napata wasiwasi. Na mahali ambapo wanatumia EPA, yaani kazi za kitabibu unazokabidhiwa kadiri unavyoaminika, wazo lililoletwa na mtaalamu wa elimu ya udaktari Olle ten Cate mwaka 2005, mambo ni rahisi zaidi kwa sababu swali linabadilika, badala ya alama unaulizwa huyu anaaminika kiasi gani: aangalie tu, afanye nikiwa pembeni yake, afanye nikiwa karibu wa kuitwa, afanye mwenyewe, au asimamie wengine. Mi hilo najibu haraka, najiuliza tu kama ningeenda kulala nikamwachia.

Linki ya fomu usimtumie kwa imeili ukategemea ataifungua jioni, haifunguliwi hiyo. Mpe simu yako ajaze hapo hapo mkiwa bado mmesimama wadini. Na mgonjwa naye mwambie mapema kwamba daktari wa pili yupo kukuangalia wewe, asije akadhani hali yake ni mbaya kiasi cha kuletewa madaktari wawili.