Mtandaoni au darasani?

Pole na majukumu, dada. Kuuza mitumba Kiborloni mchana kutwa na bado unawaza digrii si mchezo. Unahofia kusoma mtandaoni utatoka na cheti kitupu. Wizara ya Elimu ya Marekani ilichambua tafiti nyingi (ripoti ya 2010): wa mtandaoni hawakuachwa nyuma, na waliochanganya na darasa walifanya vizuri zaidi, ingawa mara nyingi walipewa pia muda na nyenzo za ziada.

Kinachoangusha wengi ni kuacha njiani. Nenda kituo cha Chuo Kikuu Huria hapo Moshi, uliza vipindi vya ana kwa ana, tafuta mwenzako wa kusoma naye mkihimizana. Bando la usiku usilitegemee. Baada ya kufunga mizigo utasinzia tu. Na usilipe ada popote kabla ya kuhakiki chuo Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), matapeli wapo.